Kutengeneza Spika ya Kati ya Sinema ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Katika filamu yenye sauti ya kuzunguka, sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji hupitia spika moja tu, ile inayokaa chini ya televisheni. Za kushoto na kulia hubeba muziki na upana wa tukio, za nyuma hubeba mvua na milio ya risasi, sabufa hutikisa kochi. Anayesema, anasemea katikati. Na ndiyo spika inayobanwa kuliko zote, kwa sababu lazima iwe fupi isizibe kioo. Ndiyo maana aliyekaa katikati husikia vizuri, huku wa pembeni akimgusa mwenzake na kuuliza, "Kasema nini?"

Spika tutakayojenga hapa ina kazi moja: maneno yasikike sawasawa kwenye kochi zima. Besi nzito tunamwachia sabufa. Unachohitaji ni kujua kukata mbao kwa unyoofu na kulehemu waya. Hesabu zilizopo ni za kikokotoo cha simu.

Je, ni lazima ilale?

Spika ya kati iliyo bora ni ile inayofanana kabisa na za kushoto na kulia, ikiwa imesimama wima. Kama unatumia projekta na kitambaa kinachopitisha sauti, weka spika ya tatu ya aina ileile nyuma ya kitambaa, wima, na kazi imekwisha. Kama televisheni yako imetundikwa juu kiasi cha kubakiza nafasi ya spika fupi iliyosimama, fanya hivyo pia. Usilaze kitu kwa sababu tu ndivyo zinavyouzwa dukani.

Wengi wetu hatuna nafasi hiyo. Kuna sentimita ishirini hivi kati ya rafu na ukingo wa kioo, basi. Hapo spika italala, na ikilala inazua tatizo ambalo lazima ulielewe kabla hujanunua hata skrubu moja.

Tatizo la wufa mbili zilizo ubavu kwa ubavu

Umbo lililozoeleka ni wufa (spika ya sauti za chini na za kati), twita (ile ndogo ya sauti za juu), wufa, zote kwenye mstari mmoja. Mpangilio huo ulipata umaarufu kupitia Joseph D'Appolito, Mmarekani aliyeuchambua katika miaka ya 1980, lakini yeye aliusimamisha wima. Ukisimama, wufa zote mbili huwa na umbali uleule kwa kila mtu aliyekaa, awe katikati au pembeni. Ukiulaza, mtu wa pembeni anakuwa karibu na wufa moja kuliko nyingine. Sauti ileile inamfikia mara mbili, ya pili ikiwa imechelewa, na pale kuchelewa kunapolingana na nusu ya urefu wa wimbi, sauti hizo mbili zinafutana.

Tuweke tarakimu. Sauti husafiri takriban mita 344 kwa sekunde. Chukua wufa mbili ambazo vitovu vyake vimeachana sentimita 26, zikifanya kazi pamoja hadi masafa ya Hz 2500, yaani mitetemo 2500 kwa sekunde. Urefu wa wimbi kwenye Hz 2500 ni sentimita 13.8, nusu yake 6.9. Gawa 6.9 kwa 26 unapata 0.265, ambayo ni sini ya nyuzi 15. Kwa mtu aliye mita 3 kutoka kwenye spika, nyuzi 15 ni sentimita 82 tu pembeni. Yaani kiti cha pili. Shimo la sauti linaangukia kiti cha pili, na linaangukia masafa yanayobeba konsonanti, zile zinazotofautisha "pata" na "kata".

Kuna namna tatu za kukwepa.

Ya kwanza ni kutumia wufa moja na twita moja tu. Ni rahisi, ni safi, na kwa chumba kidogo inatosha kuliko watu wanavyodhani.

Ya pili ni spika ya njia tatu kamili, sauti ikigawanywa sehemu tatu: wufa mbili pembeni, na katikati twita ikiwa juu ya spika ndogo ya sauti za kati. Wufa huachia kazi kwenye Hz 400 hivi, ambako urefu wa wimbi ni sentimita 86. Hata zikiachana sentimita 40, nusu ya wimbi ni 43, kubwa kuliko nafasi yenyewe, kwa hiyo hakuna pembe ambayo zinaweza kufutana kabisa. Hii ndiyo bora kati ya zinazolala. Ila krosova yake, ile saketi inayogawia kila spika masafa yake, ina vipande vingi na makosa yake hujificha, simshauri mtu anayejenga spika yake ya kwanza aanzie hapo.

Ya tatu naipendelea kwa mwongozo huu: njia mbili na nusu. Kwa macho ni wufa, twita, wufa kama kawaida. Tofauti iko ndani. Wufa moja hupanda hadi inapokutana na twita, na ya pili huanza kunyamazishwa mapema, kwenye Hz 400 hivi. Juu ya hapo anayesema ni wufa moja na twita, na lile shimo la kiti cha pili linageuka kuwa bonde dogo lisilosikika sana. Kuna faida nyingine ya bure. Ubao wa mbele usio mpana hupoteza nguvu ya sauti za chini kwa sababu mawimbi marefu huzunguka boksi na kwenda nyuma; wufa ya pili inayofanya kazi chini tu hurudisha nguvu hiyo.

Kuchagua wufa na twita

Kila spika ya maana huja na karatasi ya vipimo. Vitatu ndivyo tutakavyotumia kwa boksi: Fs, yaani masafa ambayo koni (sehemu ya spika inayocheza) hutikisika yenyewe, Qts, jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa, na Vas, ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na ule wa mshikizo wa koni. Vipimo hivi vinaitwa vya Thiele na Small, kwa majina ya waliovijengea nadharia. Spika isiyo na karatasi hiyo iache dukani, hata kama sumaku yake ni kubwa kama sahani. Hutaweza kuipigia hesabu, utabaki kubahatisha.

Tafuta wufa mbili zinazofanana za inchi 5, za omu 8, zenye Qts kati ya 0.35 na 0.5. Angalia mchoro wake wa masafa: juu ya Hz 2000 ushuke taratibu, usiwe na kilele kikali karibu na hapo. Koni za karatasi kwa kawaida ni tulivu upande huo. Za alumini hulia kama kengele juu zaidi na zinadai krosova yenye ujuzi.

Twita iwe ya kuba la kitambaa, inchi 1, na Fs yake isizidi nusu ya masafa ya kukutana. Tukikutana kwenye Hz 2000, twita yenye Fs ya 900 inafaa, yenye 1500 haifai. Kwa nini nang'ang'ania 2000 badala ya 3000? Kwa sababu twita na wufa nazo zimelala ubavu kwa ubavu. Vitovu vikiachana sentimita 13, kwenye Hz 2000 zinafutana nyuzi 41 kutoka katikati, nje kabisa ya kochi la kawaida. Kwenye Hz 3000 zingefutana nyuzi 26. Kila unaposhusha masafa ya kukutana, unampa aliyekaa pembeni nafasi zaidi. Kwa sababu hiyohiyo chagua twita yenye uso mdogo, ili ikae karibu na wufa iwezekanavyo.

Kama spika zako za kushoto na kulia umezijenga mwenyewe au unajua zina twita gani, tumia ileile. Gari likivuka kioo, mlio wake usibadilike rangi likifika katikati.

Mambo mawili ya umeme. Wufa mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4 upande wa chini, hivyo soma nyuma ya risiva yako, yaani amplifaya inayoendesha spika zote. Kama hairuhusu omu 4, jenga toleo la wufa moja. Na usiunge sambamba mbili za omu 4, utapata omu 2 na risiva nyingi zitajizima au kuungua. Kuhusu sumaku zenye kifuniko cha kukinga televisheni, hilo lilikuwa la enzi za televisheni za kisogo. Kioo bapa hakijali.

Hesabu ya boksi

Boksi liwe limezibwa, bila bomba la hewa. Bomba huongeza besi ambayo hapa hatuihitaji, na huleta kelele za hewa na mlango wa sauti za kati kutorokea. Boksi lililozibwa pia hushuka taratibu, na hivyo huungana vizuri na sabufa.

Tunalenga Qtc, yaani Qts ya wufa ikiwa ndani ya boksi, ya 0.707, udhibiti usiovimba wala kukauka. Kanuni ni hii:

Ujazo = Vas ÷ ((0.707 ÷ Qts)² − 1)

Tuseme wufa yako ina Fs ya Hz 50, Qts ya 0.40 na Vas ya lita 12. Gawa 0.707 kwa 0.40, unapata 1.77, kipeo chake cha pili ni 3.12, ondoa 1, inabaki 2.12. Lita 12 gawa kwa 2.12 ni lita 5.65 kwa wufa moja, au lita 11.3 kwa mbili. Mtikisiko wa boksi zima utakuwa Hz 50 mara 1.77, yaani Hz 88. Kwa spika ambayo risiva itaikata kwenye Hz 80 au 100, hapo ni pazuri.

Ongeza lita 1.2 kwa ajili ya nafasi inayoliwa na sumaku, mihimili ya ndani na krosova. Jumla lita 12.5. Hizi ni tarakimu za mfano. Weka za kwako kabla hujakata, maana wufa mbili zenye ukubwa sawa kwa macho zinaweza kudai maboksi yanayotofautiana mara mbili.

Sasa umbo. Epuka kina na kimo cha ndani vinavyolingana, kwa sababu mawimbi yanayosimama kati ya kuta hujazana kwenye masafa yaleyale. Kwa lita 12.5 mimi ningechukua ndani upana wa sentimita 44.4, kimo 14.4 na kina 19.6. Kwa nje inakuwa 48 kwa 18 kwa 23.2.

Kukata na kuunganisha

Tumia MDF ya milimita 18. Plaiwudi nzuri isiyo na mashimo ndani inafaa pia, lakini MDF hukatika safi na haina upande wa nyuzi. Vipande ni hivi:

- mbele na nyuma: 48 × 18, vipande viwili
- juu na chini: 48 × 19.6, vipande viwili
- ubavuni: 14.4 × 19.6, vipande viwili
- mihimili ya ndani: 14.4 × 19.6, vipande viwili, kila kimoja kikiwa kimetobolewa madirisha makubwa hadi kibaki kama fremu

Kama huna meza ya msumeno, lipia karakana ya mbao wakukatie. Boksi ambalo pembe zake si mraba litavuja, na silikoni haiwezi kuficha kila kitu. Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu, lina gundi yenye formaldehaidi. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa, na fanyia kazi nje.

Kata matundu ya ubao wa mbele kabla ya kuunganisha boksi, ukiwa umelala mezani. Chora mstari wa katikati wa kimo, weka twita katikati ya upana, na wufa kila upande vitovu vikiwa sentimita 13 kutoka kitovu cha twita, au karibu zaidi kama fremu zinaruhusu. Tumia rauta ya mbao yenye mkono wa kuchorea duara, na uchimbe kwanza kiota cha fremu ili uso wa twita ulingane na uso wa ubao. Kwa wufa kiota ni urembo zaidi. Kwa twita ni lazima, kwa kuwa ukingo wa milimita 4 tu hurudisha mawimbi mafupi na kuyachanganya.

Jambo ambalo wengi hulisahau: tundu la wufa kwenye ubao wa milimita 18 ni kama handaki fupi nyuma ya koni. Geuza ubao, kisha upande wa ndani ulaze ukingo wa tundu kwa nyuzi 45, ukiacha mbao nzima pale tu skrubu zitakapoingia. Wufa itapumua.

Kuunganisha ni gundi ya mbao na klampu. Anza na ubao wa chini, simamisha mbavu na mihimili, paka, funika na ubao wa juu, kisha nyuma. Mihimili isiwe katikati kamili ya upana: mmoja uwe karibu na theluthi moja, mwingine upande wa pili wa twita lakini kwa umbali tofauti kidogo, na hakikisha hakuna unaogonga sumaku. Jaribu vipande vyote vikavu kabla ya kupaka gundi. Kaza klampu hadi gundi itoke kidogo kwenye maungio kote, hiyo ndiyo dalili kwamba hakuna pengo. Acha siku nzima. Kisha pitisha silikoni kwenye kona zote za ndani, ile isiyonuka siki, kwa sababu inayonuka siki hutoa asidi inayokula metali. Ikauke kabisa kabla spika hazijaingia.

Ubao wa mbele gundisha mwisho, baada ya kufunga vituo vya waya nyuma na kuamua krosova itakaa wapi. Kingo za nje za mbele zichongwe kwa mviringo au mshazari. Rangi, venia au mafuta ni hiari yako; piga msasa, ziba kingo za MDF kwa praima kwanza maana hunywa rangi, basi.

Krosova

Hapa ndipo spika inapofanikiwa au kushindwa, na hapa ndipo watu huenda papara. Krosova iliyokwisha kutengenezwa, ya kuuzwa kwa spika yoyote, haijui wufa yako wala ubao wako. Ninazotoa hapa chini ni thamani za kuanzia, si za kumalizia.

Kwa mfano wetu, kila spika ikiwa omu 8 na kukutana kukiwa Hz 2000, kwa mkato wa daraja la pili (koili moja na kapasita moja) wa aina inayoitwa kwa majina ya wabunifu wake, Linkwitz na Riley:

Kwa wufa ya kwanza, ile inayopanda, weka koili ya mH 1.27 kwenye njia ya chanya, na baada yake kapasita ya µF 5 kuvuka chanya na hasi. Uomu wa wufa hupanda kadiri masafa yanavyopanda, na mkato unapotea. Ili kuutuliza, weka rezista na kapasita zilizofuatana, zikivuka vituo vya wufa. Rezista ni uomu wa wufa kwa umeme wa moja kwa moja (Re kwenye karatasi ya vipimo) mara 1.25, kwa wufa yenye omu 6 hiyo ni 7.5. Kapasita ni indaktansi ya wufa (Le kwenye karatasi hiyo) gawa kwa kipeo cha pili cha rezista hiyo. Kwa mH 0.6 unapata karibu µF 10.7.

Kwa wufa ya pili, ile ya nusu, koili moja tu ya mH 3.2, na hakuna kingine. Omu 8 gawa kwa 6.28 gawa kwa 400, ndiko ilikotoka. Hii inaweza kuwa na kiini cha chuma ili waya wake uwe mfupi na upinzani uwe mdogo, chini ya omu 0.5. Koili zile nyingine ziwe za hewa.

Kwa twita, kapasita ya µF 5 kwenye njia ya chanya, kisha koili ya mH 1.27 kuvuka. Kapasita hii iwe ya filamu. Baada yake punguza nguvu, maana twita nyingi zina sauti kubwa kuliko wufa. Kama twita ni desibeli 91 na wufa moja ni 87, unapunguza 4: rezista ya omu 3 kwa kufuatana na twita, na ya omu 14 kuvuka vituo vya twita. Zote za wati 10. Usihesabu desibeli za wufa mbili pamoja hapa, kwa sababu pale twita inapokutana na wufa, wufa inayosema ni moja.

Panga vipande kwenye kibao cha plaiwudi. Koili mbili zikikaa karibu huambukizana kupitia sumaku zake, kwa hiyo ziachanishe na uzigeuzie mielekeo: moja imelala, moja imesimama kwa ubavu, moja imesimama kwa kutazama mbele. Funga kila kitu kwa vibano vya plastiki na gundi ya moto, kisha lehemu kwa uangalifu. Rezista hupata joto, ziinue kidogo kutoka kwenye ubao.

Kwa sasa usiiingize ndani ya boksi. Toa nyaya ndefu kupitia tundu la vituo, krosova ibaki nje mezani. Utaibadilisha zaidi ya mara moja.

Kufunga spika na kukagua

Jaza boksi kwa pamba ya polyesta iliyochambuliwa ikawa nyepesi, ienee sehemu zote bila kugandamizwa, na isiguse koni. Inapunguza ule mwangwi wa upana wa boksi, ambao kwa sentimita 44.4 unaangukia karibu na Hz 390, katikati kabisa ya sauti ya binadamu. Weka utepe wa sponji chini ya kila fremu, toboa matundu madogo ya skrubu kwanza, na kaza kwa kuvuka upande mmoja kwenda mwingine.

Kagua polariti ya wufa kwa betri ndogo ya volti 1.5: ukigusisha chanya kwa chanya, koni inaruka mbele. Fanya hivyo kwenye vituo vya wufa yenyewe. Twita usiiguse na betri.

Kagua uvujaji kwa vidole. Sukuma koni moja taratibu; ya pili itatoka nje. Shikilia. Ikirudi mahali pake polepole, boksi limeziba. Ikirudi mara moja, kuna tundu, na mara nyingi ni kwenye vituo vya waya.

Kupima na kurekebisha

Unahitaji maikrofoni ya kupimia ya USB yenye faili lake la urekebishaji na programu ya Room EQ Wizard, ambayo toleo lake la msingi halilipiwi. Bila kipimo utaweza kupata spika inayolia, lakini hutajua kwa nini inalia hivyo.

Weka spika juu ya stendi, twita ikiwa mita 1 kutoka sakafuni, mbali na kuta, na maikrofoni mita 1 mbele kwa kimo kilekile. Mwangwi wa kwanza wa sakafu utafika milisekunde 3.6 baada ya sauti ya moja kwa moja. Kata dirisha la kipimo, yaani muda ambao programu inausikiliza, kwenye milisekunde 3.5, na utakachobaki nacho ni spika yenyewe, cha kuaminika juu ya Hz 300 hivi.

Kipimo cha kwanza kinahusu polariti ya twita. Kwa nadharia mkato wa daraja la pili unadai twita iungwe kinyume, chanya kwa hasi. Lakini koni na kuba zina mishuko yake ya asili, na kitovu cha wufa kiko nyuma kidogo ya cha twita, kwa hiyo nadharia peke yake haitoshi. Pima mara mbili, twita sawa na twita kinyume. Mpangilio mmoja utakuwa mzima kwenye Hz 2000, mwingine utakuwa na shimo. Baki na ule mzima. Ukitaka kujua kama uko mzima kweli, tazama lile shimo la mpangilio mwingine: likiwa na kina na ulinganifu, desibeli 20 au zaidi, spika zako zinaendana. Likiwa la kina kifupi au limesogea upande, badilisha kapasita ya wufa au koili ya twita kwa hatua ndogo na upime tena.

Kisha zungusha spika nyuzi 15, halafu 30, ukipima kila mara. Hivi ndivyo vipimo vilivyotufanya tujenge kitu hiki. Mstari wa nyuzi 15 ufanane na wa katikati, ukishuka kidogo tu juu ya Hz 8000. Ule wa nyuzi 30 ushuke zaidi, lakini usiwe na bonde kubwa kati ya Hz 800 na 3000. Ukiona bonde karibu na Hz 1000 kwenye pembe, wufa ya pili haijanyamaza vya kutosha: ongeza koili yake hadi mH 4. Pima pande zote mbili, kushoto na kulia, kwa maana spika hii haina ulinganifu kama inavyoonekana.

Kama twita inakwaruza masikio kwenye herufi "s", ongeza rezista ya omu 3 hadi 3.9 kabla ya kulaumu kitu kingine. Wanaojenga kwa mara ya kwanza karibu wote huacha twita ikiwa kali, wakidhani huo ndio uwazi.

Thamani zikitulia, lehemu upya kwa usafi, funga krosova ndani kwa skrubu, mbali na sumaku za wufa.

Kuiweka mahali pake

Uso wa spika ulingane na ukingo wa rafu au uutangulie kidogo. Ikirudi ndani sentimita kumi, rafu inakuwa kioo cha sauti na kazi yote ya pembe inaharibika. Ikibidi ikae ndani ya kabati, jaza pengo la pembeni na juu kwa sponji. Iwekee miguu ya mpira.

Ielekeze masikioni. Kama iko sentimita 45 chini ya masikio na kochi liko mita 3, inua pua yake kwa nyuzi 8 au 9. Vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kwa mshazari vinatosha.

Risiva ikiwa imezimwa, unga waya wa milimita 1.5 za mraba, chanya kwa chanya. Kwenye menyu chagua spika ndogo, hata kama unaona boksi ni kubwa, na anza na mkato wa Hz 100, kisha jaribu 80. Umbali pima kwa futi ya mkanda kutoka kwenye spika hadi kichwani. Kila sentimita 34 za kosa ni milisekunde 1. Kwa mlio wa majaribio wa risiva, linganisha spika zote kwenye desibeli 75 kutoka kiti cha katikati, halafu kama maneno bado yanazama ndani ya muziki, iongezee ya kati desibeli 1 au 2. Ukihitaji zaidi ya 3, rudi kwenye krosova.

Mwisho, geuza boksi juu chini. Ubao wa mbele ni ule ule, ila wufa inayopanda sasa iko upande wa pili. Chezesha mandhari ya watu wawili wakinong'ona, kaa kiti cha mwisho kushoto, halafu cha mwisho kulia, na uliache upande unaowafaa wote wawili.